Kabla ya kufunga gunia, jaribu breki

Na Mwandishi Wetu

Baiskeli ya mkaa huingia mjini kabla jua halijachomoza. Magunia mawili, pengine matatu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu juu ya keria iliyoongezwa nondo, na mwenye mali anasukuma kwenye mwinuko na kupanda kwenye mteremko. Ukiinama kuitazama kwa karibu utaona mambo ambayo abiria wa basi linaloipita hawayaoni. Raba ya breki ya mbele haipo. Kimebaki kiatu chake cha chuma, nacho kimeikwangua rimu hadi nikeli imeisha. Fimbo ya breki ya nyuma imekatika na kuunganishwa kwa waya wa kufungia. Spoku mbili zilizovunjika zimesokotwa kwenye jirani zao ili zisigonge. Na mteremko unapoanza, mwenye baiskeli hashughuliki na breki kabisa. Anashusha mguu, anabana soli ya kandambili kwenye tairi, na soli hiyo imeliwa ikachongeka mfereji unaolingana na upana wa tairi lenyewe.

Mtu huyu si mzembe. Kabla ya kuondoka alikagua mafundo ya mipira yote, akatikisa gunia la juu kuona kama limekaa, akasogeza la chini lisiguse gurudumu. Alikagua mzigo, hakukagua chombo. Makala hii inasimama hapo: ukaguzi wa baiskeli kabla ya safari ni kazi ya dakika mbili au tatu, karibu yote haina gharama, na ni ya mpanda mwenyewe, si ya askari wala ya fundi. Tena anayeihitaji kuliko wote ni huyu mbeba mzigo, wala si kijana wa mashindano mwenye kofia ngumu na baiskeli ya gia 21, ambaye ndiye hasa vitabu vya usalama huandikiwa.

Lori la kaya

Baiskeli iliyobeba biashara ndogo za Afrika Mashariki ni ile ndefu, nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28: Raleigh ya Nottingham enzi za ukoloni, kisha Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana. Umbo lake halijabadilika sana kwa zaidi ya miaka 100. Fremu ni ya chuma, breki ni za fimbo zinazovuta raba hadi zigote upande wa ndani wa rimu, spoku ni 32 mbele na 40 nyuma. Zile 8 za ziada ziliwekwa nyuma kwa sababu waliobuni walijua uzito mwingi wa mpanda hukaa huko. Waliyemfikiria ni mtu mmoja na mkoba wake, labda na mtoto kwenye keria. Hawakuwafikiria wauza madafu wa Dar es Salaam, wabeba samaki, madumu ya maziwa, abiria wa Shinyanga, Tabora na Kisumu, wala mikungu ya ndizi inayoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, safari ambayo ndani yake barabara inapoteza zaidi ya mita 1,000 za mwinuko.

Chombo hiki kimestahimili, na sifa hiyo ni yake. Lakini kimepewa kazi ya lori bila kupewa hata robo ya uangalizi wa lori. Kenya ina mamlaka ya usafiri, NTSA, inayotaka magari ya biashara yapelekwe ukaguzi kila mwaka. Tanzania ina Wiki ya Nenda kwa Usalama, ambapo magari hukaguliwa na kubandikwa stika kwenye vioo. Baiskeli haina kioo cha kubandika stika, na pengine ndiyo maana haikumbukwi. Zamani ilikuwa na leseni yake, na kibati cha kuonyesha kwamba ada imelipwa. Wazee wanakumbuka jinsi watu walivyokimbilia vichakani walipowaona wakaguzi. Kibati kile kilithibitisha kwamba mwenye baiskeli amelipa. Kama baiskeli inasimama au haisimami, halikuwa swali la mtu yeyote.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu chake cha 44, unaitaka baiskeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, kiakisi chekundu nyuma, na taa: nyeupe au njano mbele, nyekundu nyuma. Ni masharti mafupi, na aliyeyaandika alijua alichokuwa akikitafuta. Alitaka breki inayofanya kazi, si breki iliyopo tu. Baiskeli ya mkaa tuliyoanza nayo ina breki mbili ukizihesabu kwa macho. Ukizijaribu, haina hata moja.

Pande tatu zisizosikilizana

Mjadala wa ajali za baiskeli una pande tatu, na kila upande unazungumza na ukuta. Wapo wenye mamlaka, ambao kwao tatizo ni nidhamu: wapanda baiskeli hawajui alama, hupita wrong side, hawana taa, basi watozwe faini au waondolewe. Burundi ilifika mwisho wa njia hiyo Machi 2022, ilipopiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura kwa hoja ya usalama barabarani. Wapo waendesha baiskeli na vyama vyao, kama UWABA ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikidai njia za baiskeli na heshima kutoka kwa madereva. Na wapo mafundi na wauza vipuri, ambao wakiulizwa husema mteja anataka cha bei rahisi, na cha bei rahisi ndicho wanachomfungia.

Kila upande una ukweli wake. Barabara nyingi kwetu zilijengwa kana kwamba baiskeli haipo. Njia ya baiskeli iliyowekwa pembeni ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro ni ya kujivunia kwa sababu tu hazipo nyingi za mfano wake. Nidhamu nayo ina upungufu, na raba za breki zinazomomonyoka kama chaki zipo sokoni. Lakini pande zote tatu zina kasoro moja: kila mmoja ameliweka suluhisho mikononi mwa mwingine. Mamlaka inamsubiri mpanda abadilike, mpanda anaisubiri serikali ijenge, fundi anamsubiri mteja aongeze hela. Wakati huo mteremko uko palepale, na kesho alfajiri gunia litafungwa tena.

> Alikagua mzigo, hakukagua chombo.

Takwimu haziwezi kutumalizia ubishi huu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na waendesha baiskeli walikuwa asilimia 6 yao, yaani takribani watu 71,000. Asilimia 19 ya vifo vyote ilitoka kanda ya Afrika. Hesabu hizo hupangwa kwa aina ya mtumiaji wa barabara. Hali ya breki yake haimo. Na aliyetumbukia mtaroni peke yake na ndoo ya maziwa, akavunjika mkono na kurudi nyumbani kwa miguu, hahesabiwi popote. Kwa hiyo hoja ya ukaguzi haiwezi kujengwa juu ya idadi ya vifo. Itajengwa juu ya kitu kisichobishaniwa, nacho ni uzito na mwendo.

Hesabu ya mteremko

Chukua mpanda na baiskeli yake, jumla kilo 85, kwenye barabara tambarare na kavu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao kijana yeyote huufikia bila kutoka jasho. Tuseme breki zake ni nzima na zinampunguzia mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Tangu anapobana hadi anaposimama atatumia mita 5 hivi. Sasa mpakie gunia la kilo 100. Mkono wake haukuongezeka nguvu, raba hazikuongezeka upana, kwa hiyo nguvu ya breki ni ileile. Uzito ndio umepita maradufu. Atahitaji mita 11. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, ambamo baiskeli inakula mita 5 na nusu kabla kidole hakijabana kitu, na umefika karibu mita 17. Hapo breki ni nzima. Raba zikiwa zimeliwa na kubakiza nusu ya nguvu, kule kubana peke yake kunachukua mita 22. Mwendo ukipanda hadi kilomita 30 kwa saa, hata breki nzima itahitaji mita 25 kusimamisha mzigo ule, kwa sababu umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Na yote haya ni kwenye tambarare. Mteremko unaivuta baiskeli mbele huku breki ikiivuta nyuma, na mteremko ukiwa mkali, breki dhaifu haichelewi kusimamisha; haisimamishi kabisa.

Mvua inaharibu hesabu zaidi. Rimu ya chuma yenye nikeli ikilowa, raba huteleza juu yake, na mizunguko ya kwanza ya gurudumu huishia kufuta maji tu kabla raba haijashika. Rimu za aluminiamu zina nafuu hapo, lakini hizo si za baiskeli ya mkaa. Soli ya kandambili ndiyo kabisa: tairi limelowa, soli imelowa, mguu mmoja uko hewani na mwingine peke yake unabeba mizani ya baiskeli yenye kilo 150 nyuma. Kinachoonekana kama ujanja wa mtaani ni breki inayoshindwa siku ileile inapohitajika.

Ndiyo sababu ukaguzi wa baiskeli tupu haumtoshi mbeba mzigo. Gurudumu lililoonekana gumu asubuhi hulala gunia likikaa. Usukani uliotulia huwa mwepesi na kuanza kucheza, kwa sababu uzito wote umehamia nyuma. Kwa hiyo chombo kikaguliwe kabla ya kupakia, kisha upepo na breki vijaribiwe mara ya pili mzigo ukiwa juu, hatua chache tu, kabla ya kuingia barabarani.

Mikono miwili na masikio

Kazi yenyewe inaanzia kwenye breki, ingawa mafunzo mengi huanzia kwenye upepo. Pancha ina adabu ya kumsimamisha mtu. Breki iliyokufa haimsimamishi. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu, kisha isukume mbele. Gurudumu la mbele linapaswa kugoma, na la nyuma kutaka kunyanyuka. Achia, bana ya nyuma, sukuma tena: gurudumu la nyuma ligome na kuburuzika. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla gurudumu halijagoma, raba zimekwisha au fimbo imelegea, na hapo hakuna safari. Kisha inama uziangalie raba. Zigote rimu peke yake, zisiguse tairi, na chuma cha kiatu kisionekane. Kama breki ni za waya, tazama pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki. Nyuzi huanza kukatika hapo, moja moja, na waya ulioanza kuchanua hauna muda mrefu.

Kuhusu breki ya mbele, wapo wanaoing'oa makusudi. Wanaogopa kupinduliwa, na hofu hiyo ina msingi: mtu mwepesi akibana kwa ghafla kwenye mteremko anaweza kuruka juu ya usukani. Lakini breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha, kwa kuwa unapofunga breki uzito hukimbilia mbele na kuligandamiza gurudumu la mbele kwenye lami. Mwenye gunia lililolala chini juu ya keria ana hatari ndogo zaidi ya kupinduka kuliko asiye na mzigo, na gurudumu lake la nyuma linashika vizuri zaidi. Anazihitaji zote mbili. Kuing'oa ya mbele ni kutupa nusu bora ya breki kwa kuogopa namna mbaya ya kuitumia, na dawa ya hofu hiyo ni kujifunza kubana taratibu, nyuma kwanza, mbele ikifuata.

Baiskeli za breki ya kukanyaga nyuma zina siri ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Breki yao iko ndani ya habu, haijali mvua, haina raba za kubadilisha kila mara, na ndiyo maana imewekwa kwenye baiskeli imara kama Buffalo, ambayo shirika la World Bicycle Relief liliitengeneza kwa ajili ya vijijini, ikiwa na keria ya kubeba kilo 100. Lakini breki hiyo inafanya kazi kupitia mnyororo. Mnyororo ukitoka au kukatika, breki imekwenda nao. Kwa baiskeli ya namna hiyo, kukagua mnyororo ni kukagua breki: uubonyeze katikati kwa kidole, ucheze sentimita moja au mbili, usining'inie, na usiwe na pingili iliyoganda. Na iwapo hakuna breki ya pili mbele, iongezwe.

Magurudumu yana mambo yao. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, ingawa pampu nyingi za mtaani hazina geji. Kidole gumba kinatosha kwa aliyezoea: tairi lililobonyea chini ya kidole litabonyea zaidi chini ya gunia, na rimu itaing'ata tyubu dhidi ya jiwe na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba, pancha ambayo mafundi huitambua kwa kuitazama tu. Zungusha gurudumu ukitafuta uvimbe, ufa, au nyuzi zilizotokeza. Tazama kama rimu inayumba kati ya raba za breki. Kisha zishike spoku mbili mbili, uzibane. Zilizolegea hujulikana kwa mkono, na ukizigonga kwa spana hujulikana kwa sikio: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Spoku moja ikivunjika, mzigo wake unagawiwa jirani zake, nazo zinachoka mapema. Zile mbili zilizosokotwa kwenye baiskeli ya mkaa tayari zimeshaanza kuandaa ya tatu. Mwisho, nati za ekseli, mbele na nyuma, zikazwe. Hakuna kasoro ndogo yenye matokeo makubwa kama nati ya gurudumu la mbele iliyolegea.

Usukani hujaribiwa kwa kulibana gurudumu la mbele kati ya magoti na kuuzungusha. Ukizunguka peke yake, nati yake imelegea. Bana breki ya mbele na utikise baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga kwenye shingo ya fremu, gololi zimelegea au zimeliwa. Pedali inayogonga mara moja kila mzunguko ni kotapini inayoomba kubadilishwa. Halafu nyanyua baiskeli nzima kwa kimo cha shibiri na uiachie. Kilicholegea kitasema chenyewe, iwe madigadi, keria, kengele au boliti ya tandiko, na baada ya siku chache za kufanya hivyo sikio linaijua sauti ya kawaida ya baiskeli yake.

> Kwenye breki ya kukanyaga nyuma, mnyororo ukitoka, breki imekwenda nao.

Anayebebwa nyuma naye anahesabika. Mtoto aliyekaa kwenye keria bila pa kukanyagia huacha miguu ining'inie, na kisigino kikiingia kwenye spoku gurudumu halimwonei huruma. Vyuma viwili vya kukanyagia na wavu au kipande cha plastiki kando ya gurudumu vinamaliza hatari hiyo. Khanga na kanzu nazo zina adui yao, mnyororo usio na kifuniko, na hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Pwani.

Mpya na mtumba

Kuna imani kwamba baiskeli iliyotoka dukani leo haihitaji kukaguliwa. Baiskeli mpya husafirishwa ikiwa vipande na kufungwa dukani, mara nyingi na kijana anayelipwa kwa idadi anayomaliza. Ndipo utakuta uma wa mbele umegeuzwa, raba zinagusa tairi, au pedali ya kushoto imelazimishwa. Pedali hiyo hukazwa kinyume na zote unazozijua, kuelekea kushoto, ili isijifungue yenyewe inapozunguka, na anayeilazimisha upande wa kulia anaharibu uzi wa mkono wa pedali moja kwa moja. Spoku mpya nazo hulegea kidogo baada ya kuanza kubeba, kwa hiyo kumrudia fundi baada ya wiki chache za mwanzo ni sehemu ya bei ya kununua.

Mtumba una mtego wake. Baiskeli zilizotumika Japani na Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani, mkono wa kushoto. Aliyezoea moja akipanda nyingine, siku ya dharura atabana asichokusudia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, bana mkono mmoja mmoja na utazame ni gurudumu lipi linalogoma. Ni jaribio la sekunde 10, na muuzaji mwaminifu hatalichukia.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi kubwa linasema hivi: wanaowaua waendesha baiskeli ni malori na mabasi, na kumwambia mpanda akague spoku ni kumhamishia mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Hoja hii ina uzito, na nusu yake ni sahihi kabisa. Hakuna breki ya baiskeli itakayomzuia dereva aliyesinzia, na serikali inayojenga barabara kuu bila bega la kupita baiskeli haiwezi kujificha nyuma ya makala kama hii. Lakini hoja inakosea inapodhani kwamba jambo moja linafuta jingine. Lori linapoingia barabarani ghafla, tofauti kati ya mita 17 na mita 28 ni tofauti kati ya kushtuka na kugongwa. Kiakisi cha nyuma humpa dereva wa usiku nafasi ya kuona kilicho mbele yake kabla hajakifikia. Kudai njia ya baiskeli ni haki, na madai hayo hayapungui chochote mdai akiwa na breki.

La pili ni gharama. Ni kweli kwamba anayebeba mkaa anahesabu kila shilingi, na tairi jipya linaweza kula faida ya siku kadhaa. Lakini tazama nini hasa kinachogharimu. Kubana, kusukuma, kutikisa, kuzungusha na kusikiliza ni bure. Kukaza nati ni bure kwa mwenye spana, na kijiwe chochote cha mafundi kitamwazima. Raba za breki ni miongoni mwa vipuri rahisi kuliko vyote, rahisi kuliko tairi, rahisi kuliko rimu ambayo chuma cha kiatu kinaikwangua kila siku. Anayeahirisha raba kwa kubana matumizi anajinunulia rimu.

Wapo pia wanaosema hiyo ni kazi ya fundi. Mafundi wa chini ya mwembe wamebeba usafiri wa nchi hizi kwa nyundo, spana na solusheni, na makala hii haina nia ya kuwapunguzia heshima. Ila fundi huiona baiskeli ikishaharibika. Waya unachanua taratibu kwa siku nyingi, na katika siku hizo anayeushika kila asubuhi ni mmoja tu. Ukaguzi haumwondoi fundi kazini. Unampelekea kazi mapema, ikiwa bado ndogo.

Na lipo jibu lisilosemwa sana kwenye mikutano ila husikika kila mahali: ajali haina kinga, siku ikifika imefika. Wanaosema hivyo ndio haohao wanaotikisa gunia mara mbili kabla ya kuondoka. Wanaujua wajibu wa kujiandaa. Wamezoea tu kuutimiza kwa mzigo, ambao ukidondoka hasara yake inaonekana papo hapo.

Kuhusu kuwaachia askari kazi hii, historia ya kibati inatosha kuonya. Ukaguzi wa barabarani unaoishia kwenye faini au kunyang'anywa baiskeli humfundisha mpanda njia ya kuchepukia, na baiskeli isiyo na breki inayopita njia ya panya bado haina breki.

Pa kuanzia

Shule ndizo zenye nafasi nzuri kuliko taasisi yoyote. Penye wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli, pampu moja, spana mbili na mwalimu mmoja anayejua kubana na kusukuma vinatosha kuanzisha zoezi la Jumatatu asubuhi, na mtoto aliyelijua atalifanya kwenye baiskeli ya baba yake jioni hiyo. Wenye maghala ya mkaa, maziwa na samaki nao wanaweza kuweka pampu na raba mlangoni. Mali inayofungwa kwenye keria ni mali yao pia. Kamati zinazoandaa Wiki ya Nenda kwa Usalama ziweke meza ya fundi ya bure karibu na foleni ya magari, pasiwe na daftari la faini. Na kila Juni 3, Siku ya Baiskeli Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, msafara wa fulana na mabango utangulizwe na saa moja ya kujaribu breki za waliokuja.

Msomaji mwenye baiskeli ukutani hana haja ya kungoja lolote kati ya hayo. Aende akabane breki ya mbele na kuisukuma. Gurudumu lisipogoma, baiskeli hiyo isitoke leo.